Mwanaume mwenye mimba: kinyago cha tumbo cha Wamakonde

Wadau, wengi wetu tukisikia kinyago cha Mmakonde tunawaza vile vya mpingo vinavyouzwa Mwenge, Dar. Kumbe Mtwara wana kingine: tumbo la mjamzito!

Hiki huchongwa kwa mti mwepesi, ndani kikiwa wazi ili kikae vizuri mwilini. Kina matiti, tumbo lililojaa, kitovu kilichotokeza na chale kama walizochanjwa kina mama zamani. Pembeni kuna matundu ya kamba. Anayekivaa ni mwanaume. Anajifunga, anaficha uso kwa kinyago cha sura ya kike, halafu anacheza akiigiza uzito na uchungu wa mama anayekaribia kujifungua. Ngoma hiyo huchezwa vijana wanapotoka jandoni na unyagoni.

Kwa nini mama? Kwa asili Wamakonde wanahesabu ukoo kwa upande wa mama. Hata hadithi yao ya asili, aliyoiandika Mjerumani Karl Weule baada ya safari yake ya mwaka 1906, inasema mtu wa kwanza alichonga sanamu ikageuka mwanamke. Walipokaa Ruvuma mtoto alizaliwa amekufa. Walipopanda juu Makonde, mtoto akaishi.

Leo vinyago hivi vingi vimetundikwa makumbusho ya Ulaya. Ukutani unaona tumbo tu. Funzo lilikuwa kwenye kucheza: kijana aone mama yake alibeba nini.

Wadau wa Mtwara, nani kaishuhudia ngoma hii? Tupeni habari.