Je, Wajua? Sarafu ya Rangi Iliyowatia Mashujaa Mifukoni mwa Watu

Timu ya taifa ikitwaa ubingwa, wachezaji huvishwa medali na kombe hufungiwa kabatini. Mwananchi aliyeshangilia hadi sauti ikakauka hubaki na nini mkononi? Mwaka 2009 Kanada ilimjibu kwa sarafu ya senti 25 yenye picha ya mchezaji na jani jekundu la mti wa maple. Haikuwa pambo la kuuzwa kwa bei ya juu. Mtu alirudishiwa kama chenji dukani, akanunulia mkate kesho yake.

Je, wajua kwamba wananchi ndio waliochagua ushindi wa kuenziwa?
Kuelekea Olimpiki ya majira ya baridi ya Vancouver ya mwaka 2010, Kiwanda cha Sarafu cha Kifalme cha Kanada kilitoa mfululizo wa sarafu 17 za matumizi ya kawaida. Tatu kati yake ziliachiwa kura ya watu: ni ushindi gani wa Kanada kwenye Olimpiki za majira ya baridi usiosahaulika? Nafasi ya kwanza ilikwenda kwa timu ya wanaume ya mpira wa magongo wa barafuni iliyotwaa dhahabu mwaka 2002. Ya pili ikawa ya timu ya wanawake ya mchezo huohuo, mwaka huohuo. Ya tatu alipewa Cindy Klassen, mwanadada wa mbio za kuteleza kwenye barafu, aliyerudi na medali tano kutoka Turin mwaka 2006. Kila sarafu ilitoka kwa sura mbili: nyingi za rangi ya fedha tupu, na chache zilizotiwa wekundu.

Je, wajua kwa nini dhahabu ya 2002 iliwaliza watu wazima?
Magongo ya barafuni kwa Mkanada ni kama kandanda kwetu: mtoto huanza kuyacheza uani, kwenye maji yaliyoganda. Hata hivyo, timu ya wanaume ilikaa miaka 50 bila dhahabu ya Olimpiki, tangu Oslo mwaka 1952. Mwaka 1998, wanawake walipochezea medali hiyo kwa mara ya kwanza, Kanada ilifungwa na Marekani katika fainali. Basi miaka minne baadaye wakakutana tena huko Salt Lake City, nyumbani kwa Wamarekani wenyewe. Wanawake wa Kanada wakashinda 3-2. Siku tatu baadaye wanaume nao wakashinda 5-2. Ndani ya wiki moja, madeni mawili yakalipwa.

Je, wajua kwamba chini ya barafu ya fainali hizo palifichwa sarafu?
Trent Evans, fundi wa barafu kutoka Edmonton, alikuwa miongoni mwa walioalikwa kuandaa uwanja wa Salt Lake City. Katikati ya uwanja aliweka kwa siri sarafu ya senti 10, kisha juu yake ya dola moja, ile ambayo Wakanada huiita *loonie* kwa sababu ya ndege aliyechorwa juu yake. Barafu ikazifunika. Wachache waliojua siri hiyo walinyamaza hadi timu zote mbili zilipomaliza kazi. Ndipo dola ikachimbuliwa, na Wayne Gretzky, aliyekuwa mkuu wa timu ya wanaume, akawaonyesha waandishi wa habari. Ikapelekwa Toronto, kwenye Ukumbi wa Mashujaa wa mchezo huo. Mwaka 2004 Kanada ilianza kutoa “dola ya bahati” wakati wa Olimpiki.

Je, wajua kwamba sarafu ya kwanza ya rangi kuingia kwenye mzunguko duniani nayo ilitoka Kanada?
Ilikuwa senti 25 ya mwaka 2004, yenye ua jekundu la mpopi, alama ya kuwakumbuka askari waliokufa vitani. Ilisambazwa kupitia migahawa ya Tim Hortons, ambako watu wengi hupitia kahawa asubuhi. Mwaka 2006 ikafuata yenye utepe wa waridi, kwa ajili ya vita dhidi ya saratani ya matiti. Sarafu za wanamichezo zilipita njia iliyokwisha kufunguliwa na hizo mbili.

Kazi ya kutia sarafu rangi si nyepesi. Sarafu hizi ni za chuma kilichopakwa tabaka za metali nyingine, na wino haupendi kushika mahali laini. Kwa hiyo sehemu ya kupakwa huandaliwa kwanza ili rangi ipate pa kung’ang’ania. Hata hivyo, funguo na vidole huikwangua kidogo kidogo. Rangi ikififia thamani haipungui: senti 25 hubaki senti 25.

Je, wajua kwamba sarafu ya ua iliwahi kudhaniwa kuwa ya kijasusi?
Makandarasi wa jeshi la Marekani waliotembelea Kanada waliikuta, wakaitazama kwa hadubini na kutilia shaka utando uliokinga rangi. Waliandika taarifa za siri, na onyo rasmi likatolewa kuhusu sarafu zenye visambaza mawimbi ya redio. Mwaka 2007 ukweli ukajulikana: ilikuwa ni chenji ya kawaida.

Je, wajua kilichotokea sarafu za timu zikiwa bado mpya mikononi?
Februari 2010, huko Vancouver, fainali zote mbili ziliwakutanisha tena Kanada na Marekani. Wanawake walishinda 2-0. Wanaume walisawazishiwa sekunde za mwisho, kisha Sidney Crosby akafunga katika muda wa nyongeza, 3-2. Dhahabu mbili tena.

Heshima kubwa ya sarafu hizi imo katika usawa wake. Wanawake na wanaume walipewa chuma kilekile, ukubwa uleule na thamani ileile, na kila aliyelipia nauli au maziwa aliweza kuwashika wote. Taifa linalotaka kuwashukuru wanamichezo wake lina mengi ya kujifunza hapo.