MAZOEZI BAADA YA ZAMU

Ndugu wafanyakazi wa Kasese, Bwera na Mpondwe,

Wengi husema: "Nimebeba magunia ya kahawa kutwa, mazoezi ya nini tena?" Lakini kazi huchosha mgongo na mabega yale yale kila siku, kwa mwendo wa tajiri. Mazoezi ni mwendo wako mwenyewe.

Shirika la Afya Duniani lashauri angalau dakika 150 kwa juma: nusu saa ya kutembea upesi, siku 5. John Akii-Bua, aliyeiletea Uganda dhahabu kutoka Munich mwaka 1972, alikuwa polisi, mla mshahara kama sisi.

Hamu ya mtu mmoja hufifia. Basi pangeni siku, mpitiane nyumbani, mcheze mpira pamoja. Na tukikutana na mwajiri, tudai kiwanja. Mwili ndio mtaji wa mfanyakazi.