Dulla, Dija na Shiru

Bondia Abdallah Pazi anapopanda ulingoni Dar es Salaam, mashabiki hawaliiti jina lake la kwenye cheti. Wanamwita Dulla, Dulla Mbabe. Mwanamuziki Omary Nyembo naye anafahamika zaidi kama Ommy Dimpoz. Ommy halimpi mgeni shida, maana mwanzo wa jina umebaki. Dulla humtatiza: kichwa cha jina kimekwenda wapi?

Uswahilini majina ya namna hiyo ni mengi. Khadija anaitwa Dija, Fatuma ni Tuma, Mohamedi ni Mudi, Bakari ni Beka. Bakari lenyewe limeshapunguzwa zamani kutoka Abubakari, kwa hiyo Beka ni mkato wa mkato.

Yanaonekana kama yamekatwa ovyo, lakini yana utaratibu, tena mzuri. Yahesabiwe silabi: Du-lla, Di-ja, Tu-ma, Mu-di, Be-ka. Ni mbili kila mara. Hata Selemani anayeitwa Sele, Ramadhani anayeitwa Rama na Ibrahimu anayeitwa Ibra, waliobakiwa na mwanzo wa majina yao, wameishia kwenye mbili zile zile. Kiswahili hukazia silabi ya pili kutoka mwisho, na neno la silabi moja hukosa mahali pa kukazia. Ndiyo sababu mtoto huambiwa "soma!" na "cheza!" bila ku-, lakini mezani huambiwa "kula!" wala si "la!". Mzungumzaji hafundishwi jambo hili. Analo tangu utotoni, na analitumia anapomfupishia rafiki yake jina.

Nairobi wana mtindo wao. Vijana wa Sheng hushika mwanzo wa jina kisha hufunga kwa o: Patrick ni Pato, Kevin ni Kevo, Brian ni Brayo, James ni Jamo. Silabi ni mbili vilevile.

La ajabu kuliko yote hayo ni Wanjiru kuitwa Shiru, na Wanjiku kuitwa Shiku, wakati sauti ya sh haimo kabisa katika majina hayo. Jibu limo ndani ya Kikuyu. Katika lugha hiyo sauti inayoandikwa c, ambayo hutamkwa karibu na sh, ikitanguliwa na n hugeuka nj. Jina likikatwa na n ikaondoka, c hujitokeza: Ciru, Ciku. Wengi siku hizi huandika kwa sh.

Haja ya kufupisha ni ya kweli. Wakikuyu huwapa watoto majina ya babu na nyanya zao, hivyo binamu kadhaa huweza kuwa na jina moja. Pwani nako akina Juma, Hamisi na Ramadhani wamejaa kila mtaa, na mara nyingi hata mkato hautoshi, ndipo kunapokuwa na Rama Fundi na Rama Bodaboda.

Sababu nyingine ya kuliacha jina kamili ni heshima. Katika familia nyingi mke halitamki jina la baba mkwe. Mtoto akirithi jina hilo, mama humwita "Baba" au "Babu" tangu akiwa mchanga, na majirani hufuata. Wapo wanaofika darasa la kwanza wakiwa hawajalizoea jina lao kamili, na mwalimu huliita mara mbili tatu kabla hawajaitikia.