Nuru na Manukato Nyumbani: Msamiati Tunao

Makala haya yanadhamiria kufafanua namna nuru na harufu zinavyooanishwa nyumbani, pamoja na maneno tunayoyahitaji kulieleza jambo hilo. Katika nyumba nyingi za Kitale na Bungoma, kabla ya umeme kufika, koroboi ilitoa vyote viwili kwa pamoja: mwanga hafifu na harufu kali ya mafuta ya taa. Umeme ulivitenganisha. Leo taa hufifishwa au kubadilishwa rangi kwa simu, nayo manukato huchaguliwa kando. Hata hivyo, aghalabu msemaji wa bara huyaeleza haya kwa Kiingereza, ilhali Waswahili wa pwani wana msamiati wake tangu kale. Udi, ambao ni mti, na ubani, ambao ni utomvu uliokauka, hufukizwa katika chetezo. Kitenzi 'fukiza' chenyewe ni funzo: kinachotakiwa ni moshi, si mwali. Basi makaa yashike vyema kwanza, na dirisha liwe wazi, kwani hewa ya makaa huua. Vivyo hivyo, taa 'hufifia', 'humulika' au 'huangaza'. Si kuwaka tu. Wanafunzi wa Kiswahili tusipoyatumia maneno haya vyumbani mwetu, yatabaki kamusini.