Karani Mwenye Siri ya Serikali Akimbilie Wapi?

Mtu wa Ekalakala mwenye kitambulisho cha taifa tu mfukoni anaweza kuvuka mpaka wa Kenya kihalali na kuingia nchi mbili: Uganda na Rwanda. Utaratibu huo ulianza mwaka 2014, na umewafaa wafanyabiashara na wanafunzi wengi. Lakini kwa karani wa serikali aliyefichua wizi wa mali ya umma na sasa anatafutwa, nchi hizo ni miongoni mwa zile ambazo ningemsihi asikimbilie.

Nimemchagua karani wa Ekalakala makusudi. Wadi hii iko Masinga, upande wa Machakos unaoelekea mto Tana, ambako bwawa kubwa lilikamilika mwaka 1981 likaanza kuzalisha umeme wa taifa, huku wakulima wa ndengu na kunde walio jirani yake wakiendelea kutazama mawingu. Mashinani kote nchini, pesa za umma haziibwi kwa mabilioni. Huibwa kwa kisima kilicholipiwa na hakijachimbwa, kwa basari iliyoandikiwa jina la mtoto asiyekuwepo, kwa mahindi ya msaada yaliyopungua njiani. Simtuhumu mtu yeyote wa hapa. Nasema jinsi wizi wa ngazi hiyo unavyofanyika popote. Anayeuona kwanza ni karani, mhasibu, dereva, katibu wa kamati. Hawa hawana wakili, hawana rafiki ubalozini, na wengi hawajawahi kushika pasipoti.

Kwa nini asiende kwa jirani? Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1, 1982, Hezekiah Ochuka na Pancras Oteyo Okumu wa jeshi la wanahewa walitorokea Dar es Salaam kwa ndege. Tanzania iliwapokea. Wakati huo nchi hizi mbili hazikuwa zikielewana, na mpaka ulikuwa umefungwa tangu 1977. Mwaka 1983 uhusiano ulitengemaa, mpaka ukafunguliwa, na wawili hao wakarudishwa Kenya kwa kubadilishana na Watanzania waliotakiwa kwao. Ochuka alinyongwa mwaka 1987. Alikuwa mwasi, hakuwa mfichuzi, na simtetei. Ninachokiona katika kisa chake ni kwamba hifadhi ya jirani hudumu kadiri ugomvi wa wakubwa unavyodumu. Wakipatana, mgeni ndiye zawadi ya mapatano.

Miaka ya karibuni imetuonyesha hivyo hivyo, na mara hii Nairobi ndiyo mwenyeji mbaya. Oktoba 2024 wakimbizi wanne wa Uturuki walitekwa hapa na kurudishwa kwao, na serikali ya Kenya ikakiri. Novemba mwaka huo mpinzani wa Uganda, Kizza Besigye, alitoweka Nairobi, akaonekana tena Kampala mbele ya mahakama ya kijeshi. Januari 2025 mwanaharakati Maria Sarungi Tsehai wa Tanzania alitekwa Kilimani, Nairobi, na kuachiliwa baada ya saa kadhaa. Mei 2025 Boniface Mwangi, Mkenya, alikamatwa Dar es Salaam alikokwenda kufuatilia kesi ya mpinzani Tundu Lissu, kisha akatupwa karibu na mpaka. Njia inayowapitisha watu namna hiyo hupitika pande zote mbili.

Kuna sababu nyingine, ya kisheria, ambayo haitajwi sana. Mkataba wa wakimbizi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, wa mwaka 1969, una ukarimu mwingi kuliko ule wa Umoja wa Mataifa wa 1951 katika kusema nani ni mkimbizi. Lakini kifungu chake cha tatu kinazitaka nchi wanachama kuwazuia wakimbizi wasiishambulie nchi nyingine mwanachama kwa silaha, kwa magazeti au kwa redio. Kifungu hicho kiliandikwa na viongozi waliohofia waasi kambini. Lakini ukikisoma kama mtu ambaye silaha yake yote ni faili, utaona kwamba serikali inayokuhifadhi inaweza kukuambia unyamaze na bado ikadai inafuata mkataba. Mfichuzi aliyenyamazishwa amepoteza kile kilichomtoa nyumbani.

Sasa tuje kwa mtu aliyekuwa karani kweli. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 David Munyakei alifanya kazi Benki Kuu ya Kenya. Mezani kwake zilipita hati za Goldenberg International, kampuni ya Kamlesh Pattni, iliyokuwa ikilipwa na serikali fidia ya asilimia 35 kwa dhahabu na almasi ilizodai kuuza ng'ambo. Kenya haikuwa na almasi ya kuuza, na dhahabu yake ilikuwa haba. Nakala za hati hizo ziliwafikia wanasiasa wa upinzani, wakiwemo Paul Muite na Peter Anyang' Nyong'o, na mwaka 1993 kashfa ikasomwa Bungeni. Munyakei alikamatwa na kushtakiwa chini ya Sheria ya Siri za Serikali. Kesi haikusimama. Kazi alifutwa hata hivyo.

Hakuomba hifadhi popote. Alikwenda Mombasa, akasilimu, akaoa, akaanza maisha mengine miongoni mwa watu wasiojua yaliyompata. Baadaye alirudi upande wa Narok alikotoka. Tume ya Jaji Samuel Bosire ilipoundwa mwaka 2003 kuchunguza Goldenberg, alijitokeza akatoa ushahidi, na mwaka 2004 Transparency International ikamtuza kwa uadilifu wake. Alikufa Julai 2006 akiwa maskini, hajafikisha miaka 40. Kila ninapofikiria habari zake huona jinsi nchi ilivyompongeza kwa mkono mmoja na kumnyima mshahara kwa mkono mwingine, chini ya serikali mbili, moja aliyoifichua na nyingine iliyoingia madarakani ikiahidi kumaliza ufisadi. Mombasa ilimpa mahali pa kujificha. Haikuweza kumpa kazi ya benki wala jina lake la zamani.

John Githongo aliondoka kwa mlango mwingine. Rais Mwai Kibaki alimteua mwaka 2003 kuwa katibu wa kudumu wa utawala bora na maadili, akitoka kuongoza Transparency International hapa Kenya. Alichokikuta ni Anglo Leasing: kandarasi za usalama zilizopewa kampuni za kubuni, mojawapo ikiwa ya mtambo wa kuchapisha pasipoti. Alirekodi kwa siri mazungumzo yake na wakubwa wenzake, na Februari 2005, akiwa London, akatuma barua ya kujiuzulu. Chuo cha St Antony's huko Oxford kilimpokea kama mtafiti. Januari 2006 waraka wake kwa Rais ulichapishwa, na mawaziri wakaachia nyadhifa. Mwaka 2008 alikanyaga tena Nairobi.

Uingereza ilimwingiza Githongo kama msomi, na hilo lilimfaa kuliko hadhi ya mkimbizi. Anayeomba hifadhi Uingereza kwa kawaida haruhusiwi kufanya kazi wakati ombi lake likisubiri, na akipewa ukimbizi kisha akarudi nyumbani kutembea, anahatarisha hadhi hiyo. Mtafiti mwenye mwaliko wa chuo anaandika, anahojiwa, anapokea posho na kurudi kwao anapoona usalama. Ndiyo sababu mtu mwenye shahada, makala zilizochapishwa na marafiki ng'ambo ningemshauri atafute chuo kwanza na hifadhi baadaye.

Lakini umbali si kinga ya kila kitu. Ofisi ya Uingereza ya kupambana na ulaghai mkubwa ilichunguza Anglo Leasing, ikaacha mwaka 2009 kwa kukosa ushirikiano wa Kenya. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ya Nairobi ilimwamuru Githongo kumlipa waziri wa zamani Chris Murungaru fidia ya shilingi milioni 27 kwa kumharibia jina. Faili linaweza kukusubiri mahakamani muda mrefu baada ya wewe kurudi.

Na asiye na chuo cha kumwalika? Hapo ndipo sheria ya ukimbizi inapohusika, na ina tundu. Mkataba wa 1951 unamlinda anayeteswa kwa ajili ya rangi, dini, uraia, kundi lake la kijamii au maoni yake ya kisiasa. Kufichua wizi hakumo kwa jina. Afisa wa uhamiaji anaweza kukuambia kwamba waliokutisha ni wezi wanaolinda tumbo lao, kwa hiyo shida yako ni ya jinai, nenda polisi. Wakili wako atalazimika kumwonyesha kwamba mahali ambapo wezi ndio serikali, kuwashtaki wezi ni msimamo wa kisiasa.

Kanada imelikubali hilo waziwazi. Mwaka 2000 Mahakama ya Rufaa ya Shirikisho ya nchi hiyo iliamua kwamba mfanyabiashara wa Ukraine aliyelalamikia rushwa ya maafisa wa serikali alikuwa ametoa maoni ya kisiasa, hata kama serikali yake yenyewe ilidai kuipinga rushwa hiyo. Mwaka huo huo mahakama ya rufaa magharibi mwa Marekani ilifikia uamuzi wa namna hiyo kuhusu ofisa wa forodha wa Ufilipino. Kwa hiyo nikiulizwa nchi moja tu, nitataja Kanada: iko mbali, haina ukaribu wa kijeshi na Nairobi kama ulio nao London, na mahakama zake zimeshalijibu swali gumu kuliko yote. Godbless Lema, mwanasiasa wa upinzani wa Tanzania, alifika huko mwaka 2020, baada ya kupita Kenya akiwa roho juu.

Norway nayo inastahili heshima yake. Koigi wa Wamwere, aliyepewa hifadhi huko katika miaka ya 1980, alipokamatwa na kushtakiwa kwa uhaini Nairobi mwaka 1990, Norway ilimtetea hadi serikali ya Moi ikavunja uhusiano wa kibalozi nayo. Ni nchi chache zilizokubali kugharimika namna hiyo kwa ajili ya mtu mmoja. Kwa Wakongo, mlango umekuwa Ufaransa. Jean-Jacques Lumumba, aliyefichua mambo ya benki ya BGFI mjini Kinshasa, alikimbilia huko mwaka 2016. Gradi Koko na Navy Malela, waliokuwa wakifanya kazi Afriland First Bank, walifichua pia. Mwaka 2021 ikajulikana kwamba mahakama ya Kinshasa ilikuwa imewahukumu kifo bila wao kuwepo. Lililowafaa ni shirika la kuwalinda wafichuzi wa Afrika, PPLAAF, lililoanzishwa mwaka 2017, ambalo huwapatia wanasheria.

Nawaonya wanaovutiwa na mifano mikubwa. Edward Snowden aliishia Urusi kwa sababu Marekani ilibatilisha pasipoti yake akiwa safarini mwaka 2013, na akakaa zaidi ya mwezi uwanja wa ndege wa Moscow. Julian Assange alikaa karibu miaka saba ndani ya ubalozi wa Ecuador, London, hadi rais mpya akamtoa. Pasipoti ni mali ya serikali uliyoiudhi, na ubalozi ni wa yeyote atakayeshinda uchaguzi ujao kule.

Hapo ndipo karani wa Ekalakala anapokwama. Hifadhi huombwa ukiwa umeshafika, na kufika kunahitaji viza. Ubalozi utamtaka taarifa za benki za miezi kadhaa, na barua ya mwajiri inayothibitisha kwamba ameruhusiwa likizo na atarudi kazini. Mwajiri huyo ndiye aliyemwibia umma. Pasipoti yenyewe, kama hajawahi kuwa nayo, ataisubiri kwa wiki au miezi, na watu wengi huichukua Nyayo House, jengo ambalo orofa zake za chini zilitumika kuwatesa wapinzani katika miaka ya 1980. Kwa hiyo ushauri wangu kwake unaanza kabla hajafungua mdomo: apate pasipoti mapema kwa sababu yoyote ya kawaida, nakala za hati ziwe kwa wakili au mwanahabari nje ya nchi kabla hajasafiri, asizibebe uwanja wa ndege, na aandike kila kitisho anachopata, tarehe, saa, aliyekuwepo, kwa kuwa afisa wa hifadhi atauliza kilichompata yeye kuliko kilichoipata kaunti.

Kubaki nchini nako kuna hatari yake. Polisi Bernard Kiriinya aliitolea Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ushahidi wa jinsi wenzake walivyowaua washukiwa. Aliuawa kwa risasi Nairobi Oktoba 2008, na umma ukausikia ushahidi wake akiwa kaburini.

Kenya ina sheria za kuanzia. Sheria ya Kupambana na Ufisadi ya 2003 inamlinda mtoa habari, ile ya Kulinda Mashahidi ilipitishwa 2006, ile ya Hongo na ile ya Kupata Habari zote zilikuja 2016. Lakini shahidi hulindwa kesi ikikaribia au ikiwa mahakamani, na karani anahitaji ulinzi siku aliyoona hati. Miswada ya kuwalinda wafichuzi imeandikwa na kuandikwa upya kwa miaka, na kufikia mwaka 2024 hakuna hata mmoja uliokuwa sheria. Wanaotaka kiti cha Masinga mwaka 2027 watapita sokoni Ekalakala kuomba kura. Waulizwe kama watapigia kura sheria inayomlipa mfichuzi mshahara wake hadi kesi iishe, inayomhamishia kaunti nyingine bila kumshusha cheo, na inayomkataza mkuu wake kuizuia pasipoti yake.