Nyimbo na Michezo katika Darasa la Awali

Mwanachuo aendaye kufundisha kwa mara ya kwanza huwa na hofu kwamba watoto wakiimba na kucheza, watu watadhani hakuna kazi inayofanyika. Elimu ya awali iliingizwa katika mfumo rasmi wa nchi yetu kwa Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995, na kwa mtoto wa miaka mitano mchezo ndiyo kazi yenyewe.

Tuchukue mfano wa Sitalike, kijiji kilichoko kusini mwa mji wa Mpanda, kando ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Katika mkoa huo wanaishi Wapimbwe, Wakonongo, Wabende, Wasukuma na wengineo. Mtoto aweza kufika shuleni akiwa na lugha ya mama yake tu, ilhali mwalimu anafundisha kwa Kiswahili. Akinyamaza, usiseme upesi kwamba ni mzito wa akili. Huenda amekosa maneno. Wimbo humpatia maneno hayo. Asiyethubutu kujibu peke yake huthubutu kuitikia pamoja na wenzake. Kiitikio humzoeza matamshi, na kitendo humfunulia maana: ukiimba "gusa goti" huku ukigusa goti lako, mkalimani hahitajiki.

Katika hesabu, tumia mdako. Weka kokoto kumi kishimoni. Mtoto hurusha kokoto nyingine juu, na kabla ya kuidaka huchota zile za kishimoni. Kwanza achote moja moja, kisha mbili mbili. Ataona mafungu matano. Akichota tatu tatu, itabaki moja. Hapo ameonja kugawanya kabla ya kuliona neno hilo ubaoni. Ambaye mkono wake haujawa mwepesi na achote bila kurusha.

Mchezo waweza pia kulinda uhai. Mto Katuma, upitao Sitalike, una viboko. Onyo la maneno matupu husahaulika upesi. Basi chora mstari uwanjani uwe ukingo wa mto. Ngoma ikilia, watoto watembee. Ikinyamaza, wasimame mbali na mstari. Watajifunza kusikiliza na kutii ishara, pamoja na maneno "mbele", "nyuma", "karibu" na "mbali".

Hata hivyo, mchezo usio na shabaha ni burudani tu. Katika andalio la somo andika shabaha, vifaa, na namna ya kupima. Tena kumbuka kwamba katika kuitikia, mtoto aweza kujificha ndani ya sauti za wenzake. Kwa hiyo, wimbo ukiisha, mwite mmoja mmoja kwa upole akuoneshe goti, au akuhesabie kokoto tano. Akishindwa, usimkemee, mrudishe mchezoni, na kesho umjaribu tena.