Je, Wajua? Sōseki na Karaha ya London

Je, wajua kuwa mwandishi aliyewekwa kwenye noti ya yeni 1,000 ya Japani mwaka 1984 aliandika kwamba miaka yake miwili ya masomo London ilikuwa ya karaha kupita yote maishani mwake? Ni Natsume Sōseki. Jina la kuzaliwa ni Kinnosuke. Sōseki ni lakabu.

Je, wajua kuwa safari yenyewe hakuiomba? Alikuwa mwalimu wa Kiingereza Kumamoto, mkewe mjamzito, Wizara ya Elimu ilipomtuma mwaka 1900. Alipanda meli ya Kijerumani bandarini Yokohama mwezi Septemba, akapita Singapore, Colombo na Aden, akashuka Genoa. London alifika tarehe 28 Oktoba.

Posho je? Yeni 1,800 kwa mwaka, na mkewe huko nyumbani yeni 25 kwa mwezi. Alikwenda kuitazama Cambridge, akaona pale ni pa wenye nazo, akageuza. Mihadhara ya University College nayo aliiacha mapema. Akaona heri amlipe mzee William Craig, bingwa wa Shakespeare, shilingi 5 kwa saa. Zilizobaki aliziteketeza kwenye vitabu, hata mchana mwingine akashindia biskuti. Alipanga nyumba tano. Wenyeji wake wa Camberwell walipohamia Tooting, akahama nao.

Je, wajua kuwa mazishi ya Malkia Victoria, tarehe 2 Februari 1901, aliyaona akiwa mabegani mwa mtu? Umati ulijaa Hyde Park na yeye kimo kilimpunja, basi mwenye nyumba akambeba. Ufupi huo ulimkera kweli. Amesimulia jinsi alivyomwona kibwengo mmoja wa rangi ya ajabu akimjia barabarani, kumbe ni yeye mwenyewe kwenye kioo.

Na baiskeli? Mwaka 1902 mama mwenye nyumba wa Clapham alimshikilia ajifunze, apunguze kujifungia chumbani. Alianguka weee, kisha akaandika kisa cha kuchekesha kuhusu mianguko hiyo. Mwaka huohuo uvumi ulifika Tokyo kwamba amerukwa na akili.

Je, wajua kuwa mwaka 1901 aliishi kwa muda nyumba moja na mkemia Ikeda Kikunae? Mazungumzo yao yalimtia hamu ya kuichunguza fasihi kwa jicho la kisayansi. Ikeda naye, mwaka 1908, aligundua kinachoupa mchuzi wa mwani utamu wake, na mwaka uliofuata ungaunga uliotokana na ugunduzi huo ukaingia sokoni kwa jina la Ajinomoto. Wapishi mnaujua.

Je, wajua kuwa Sōseki aliporudi Japani mwaka 1903 alipewa nafasi ya mhadhiri Lafcadio Hearn, Chuo Kikuu cha Kifalme cha Tokyo? Wanafunzi walimpenda mno Hearn, wakamnunia mgeni. Miaka miwili baadaye alitoa riwaya inayosimuliwa na paka asiye na jina, na Japani nzima ikamjua.

Mwaka 1911 wizara ileile ikamtunuku udaktari wa fasihi. Akaurudisha. Wizara ikajibu kwamba heshima hiyo haikataliki; Sōseki akashikilia kuwa ameikataa. Hakuna aliyelegeza kamba.